Kuanguka mtini na kwenye ngazi: maswali ya wakata miti na watunza bustani wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni wa wanaopogoa miti, kukata ua na kutunza bustani Arusha na Moshi, pamoja na wanaowaita kazini: wenye nyumba, mameneja wa hoteli na loji, wasimamizi wa mashamba ya kahawa. Maswali haya hurudi kila masika yakikaribia, watu wanapoanza kuyaangalia kwa wasiwasi matawi yaliyoinamia paa. Ya msingi yako mwanzo, yenye utata yako mwisho. Kama kuna mtu ameanguka sasa hivi, ruka hadi sehemu ya "Mtu ameanguka".

## Ya msingi

Tumekua tukipanda miti. Kwa nini leo iwe jambo la kutisha?

Ni kweli, mtoto wa Machame au Ilboru anaujua mparachichi kabla hajaijua shule. Lakini kupanda kuchuma parachichi ni tofauti na kupanda kukata. Anayekata ana panga au msumeno mkono mmoja, macho yako kwenye tawi badala ya mguu, na mti wenyewe unabadilika akiwa juu yake: tawi zito likiachia, shina hurudi kwa nguvu na kumtikisa aliyelikumbatia.

Tafiti zilizofanywa hospitali ya KCMC, Moshi, zilionyesha kuwa kuanguka ndiko kunakoongoza kusababisha majeraha ya uti wa mgongo kaskazini-mashariki mwa Tanzania, hata kuzidi ajali za barabarani. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, kwa sababu ajali ya basi hutangazwa redioni na ya mkata miti huishia kijijini kwake.

Tena mwili hauhitaji urefu mkubwa ili uumie. Ukianguka kutoka mita 3, yaani karibu na ukingo wa paa la nyumba ya kawaida, unafika chini kwa kasi ya kilometa 27 hivi kwa saa. Kutoka mita 5 ni kilometa 35 na zaidi, na safari nzima inachukua sekunde moja. Ni bodaboda iliyokwisha kuchanganya mwendo, isiyo na breki. Ile hesabu ya "nikiteleza nitadaka tawi" haina muda wa kutimia.

Urefu gani ndio unahesabiwa kuwa hatari?

Wengi hutaja mita 2. Mimi ningekuomba uangalie kwanza kilichopo chini. Mtu aliyeanguka mita moja na nusu kichwa kikapiga pevingi anaweza kufa, na aliyeanguka juu zaidi kwenye udongo uliolimwa akanyanyuka. Yadi za mjini zimejaa vitu vibaya vya kuangukia: ukuta wenye chupa zilizovunjwa au vyuma vyenye ncha, nondo zilizoachwa na mafundi, mawe ya mapambo, kingo za mitaro. Kabla ya kupanda, zunguka mti na uondoe kinachoondoka. Kisichoondoka, panga kazi ili usiwe juu yake.

Mimi ni wa bustani tu, sipandi miti. Naangukaje?

Unapanda, ila huiti kupanda. Unasimama juu ya ndoo au pipa ili ufikie kichwa cha ua. Unatembea juu ya ukuta wa mawe ukivuta mpira wa maji. Unaingia kwenye mtaro uliofunikwa na majani. Unapanda paa kutoa majani ya jakaranda kwenye gata, unakanyaga lile bati la plastiki linaloingiza mwanga, unapita nalo hadi sakafuni. Hayo mabati ya plastiki yakipigwa jua miaka kadhaa hukauka na kuvunjika kama biskuti, na kwa macho huwezi kuyaamini wala kuyakataa, hivyo usiyakanyage kabisa.

Halafu kuna kirikuu. Matawi yakishapakiwa, kijana mmoja huambiwa akae juu "kuyakandamiza" hadi dampo. Gari likiruka tuta, anashuka kabla ya mzigo. Matawi yafungwe kwa kamba, kijana akae mbele. Kama mbele hakuna nafasi, apande daladala, na nauli yake ni ya bosi.

## Kabla ya kupanda

Nitajuaje kama mti unanibeba?

Anza kwenye mizizi. Uyoga chini ya shina, udongo uliopasuka upande mmoja, gome linalobanduka lenyewe, tundu linalotoa unga wa mbao: kimoja kati ya hivyo kinatosha kukusimamisha na kutafuta njia nyingine. Gonga shina kwa kitako cha panga ukizunguka. Penye sauti ya ngoma pana uwazi ndani.

Kisha tazama juu, na hapa aina ya mti ni muhimu. Mgrevilea, ule wa kivuli kwenye kahawa, umekatwa na kukatwa tena miaka mingi, na kila palipokatwa yamechipuka matawi mapya yaliyonyooka. Yanaonekana manene na yenye afya, ila yameshika gome la nje tu, hayakuota kutoka moyoni mwa shina. Ukiyakanyaga karibu na kikovu cha zamani yanang'oka mzimamzima. Mparachichi una mbao laini, na tawi lililojaa matunda tayari linabeba mzigo wake, sasa unaongeza kilo zako. Mkaratusi huangusha matawi bila upepo wala onyo. Mfuruanje hupanua matawi mbali sana na shina, na ukifika mwishoni unakuwa umejitundika kwenye ncha ya mzani.

Jakaranda hudanganya kwa namna yake. Wakati wa ukame hupukutisha majani, ndipo huchanua, zaidi Oktoba na Novemba. Kwa hiyo tawi lisilo na jani Septemba linaweza kuwa zima, na lililo kando yake likawa limekufa, na yote mawili yanafanana. Kwaruza gome kwa ukucha au ncha ya kisu. Ukikuta kijani chenye unyevu, liko hai. Ukikuta kahawia kavu, usilikanyage, na wala usifunge kamba yako hapo.

Ngazi isimameje?

Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka kwenye shina. Ikisimama wima kuliko hapo inarudi nyuma nawe. Ikilala zaidi inateleza miguuni. Udongo wa bustani uliolimwa au uliomwagiliwa haufai kuibeba, mguu mmoja utazama. Weka ubao mpana chini, mwenzako aishike mpaka uifunge juu kwa kamba, na akae hapohapo hadi ushuke. Asiende dukani.

Kosa ninaloliona zaidi ya yote ni kuegemeza ngazi kwenye tawi lilelile linalokatwa. Watu hudhani hatari ni kukata upande wa ndani ya ngazi, na hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba hata ukikata upande wa nje, kipande kizito kikishaanguka, kilichobaki hupata nafuu na kuinuka. Ngazi inabaki imeegemea hewa. Egemeza kwenye shina, daima.

Ngazi za milonjo ni za kawaida huku kwetu, sitamwambia mtu asiwe nayo. Ila ikague kila kipandio: kishike kwa mikono miwili ukizungushe. Kikizunguka, msumari umekwisha kuliwa na kutu ndani ya mti, hata kama kichwa chake kinang'aa nje. Ngazi ya alumini ina swali lake jingine, tazama swali la umeme.

Kamba ya manila ikifungwa kiunoni inatosha?

Haitoshi, na nasema hivi nikijua ndiyo inayotumiwa na wengi. Kamba ya kiunoni ikikudaka, uzito wako wote unaishia kwenye mbavu na tumbo, au inapanda hadi makwapani na kukubana pumzi. Uti wa mgongo nao unakunjwa kwa kishindo.

Kinachofaa ni mkanda wa mwili mzima, wenye mishipi ya mapajani na mabegani, au ule wa wapanda miti unaokalika. Kamba yake ifungwe kwenye shina zima juu ya kiuno chako, bila kuning'inia ovyo. Kila mita ya ulegevu ni mita ya kuanguka kabla haijakudaka. Wakati wa kukata uwe na vifungo viwili mahali pawili, kwa sababu msumeno unaokata tawi hukata na kamba vilevile.

Kagua kamba kwa vidole. Ipitishe yote mkononi, kutoka ncha hadi ncha, taratibu. Unatafuta mahali palipokonda, nyuzi zilizochanika, ugumu kama wa waya, harufu ya petroli, alama ya kuungua, rangi iliyopauka kwa jua na kutoa unga ukiikunja. Ukikuta kimojawapo, ikate vipande siku hiyohiyo ili mwenzako asiiokote. Na kamba iliyovuta magogo haipandi na mtu tena.

Helmeti iwe na mkanda wa kidevuni. Bila huo mkanda, inatangulia kufika chini.

Naweza kutumia chenso juu ya mti?

Ukiwa juu ya ngazi, hapana. Kwa mkono mmoja, hapana. Aliyefundishwa, aliyefungwa vifungo viwili, mwenye mwenzake chini anayejua kuzima mashine na kumshusha, huyo anaweza. Kwa matawi mengi ya nyumbani msumeno wa mkono wenye meno makali unafanya kazi vizuri, hauna mtetemo, na ukikuponyoka unaanguka peke yake.

Tawi refu lianze kukatwa kwa chini, theluthi moja hivi, kisha kwa juu mbele kidogo ya mkato wa kwanza. Ukianza juu peke yake, tawi huchanika kurudi kwenye shina, na ule mchaniko ndio humpiga mtu kifuani.

Mti umegusa waya za umeme. Tukate kwa uangalifu?

Msikate. Pigeni TANESCO, namba 180, waje wazime au wakate wenyewe. Wakichelewa, kazi isubiri. Wengi walioanguka karibu na waya walipigwa na umeme kwanza. Misuli hukakamaa, mikono huachia, na urefu unamaliza kazi.

Mti mbichi unapitisha umeme, hasa ukiwa na unyevu. Ngazi ya alumini inapitisha zaidi. Waya wa nguzo kubwa hauhitaji kuguswa, umeme unaweza kuruka hewani. Mnapopima umbali, jiulizeni kama tawi likianguka au ngazi ikilala inaweza kufika kwenye waya. Kama inaweza, mko karibu mno. Waya wenye ganda unaoingia nyumbani nao usiuamini, ganda huchubuka na matawi miaka na miaka.

Na nyuki?

Tazama shimo la shina kwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha mashine yoyote. Nyuki wachache wanaoingia na kutoka mahali pamoja maana yake kuna mzinga. Aliye juu akivamiwa hawezi kushuka kwa utaratibu, anajirusha. Mwite mfugaji nyuki awahamishe. Wako wengi vijijini, na asali huwa sehemu ya malipo.

Mvua imekatika, tuendelee?

Gome likiwa na maji, subiri. Upande wa Kilimanjaro na Meru, Juni na Julai asubuhi huwa na ukungu na manyunyu yanayolowesha kila kitu bila mvua kuonekana. Saa nne au tano jua likishatoka ni mapema ya kutosha. Upepo ukitikisa vilele, shuka.

Bosi anataka kazi iishe leo, na bei tumeshakubaliana. Nifanyeje?

Swali hili naliweka katika maandalizi makusudi, maana hapo ndipo ajali nyingi zinapopikwa. Bei ikiwa ni "kwa mti", kila dakika ya kufunga kamba inatoka mfukoni mwa anayepanda. Ikiwa ya chini mno, anakuja peke yake, bila mtu wa kushika ngazi. Mwenye nyumba anaona amepata fundi mwepesi. Alichonunua ni mtu asiyefungwa.

Ndugu fundi, taja bei ya watu wawili hata kama kazi inaonekana ya mmoja, na useme wazi: "Humu ndani kuna mtu wa chini na kamba." Anayekataa atamwita mwingine, najua, na inauma. Lakini wapo wanaokubali wakielezwa, hasa akina mama wenye nyumba waliokwisha kuona mtu akianguka.

Nawe mwenye nyumba wa Njiro au Shanty Town, usisimame chini ukielekeza "bado kale kadogo pale juu." Kale kadogo pale juu ndiko kanakomfanya mtu afungue kamba na kunyoosha mwili. Mkubaliane matawi gani yanakatwa kabla hajapanda. Yakiisha hayo, ashuke. Mengine ni siku nyingine na bei nyingine.

## Mtu ameanguka

Dakika za kwanza tufanye nini?

Kwanza hakikisheni ninyi mko salama: zimeni mashine, angalieni tawi linaloning'inia, na kama kuna umeme msimguse hadi uzimwe.

Msimnyanyue. Najua mikono inawasha, kila mtu anataka kumkalisha na kumpa maji. Uti wa mgongo uliovunjika bila kukata mishipa ya fahamu unaweza kukatwa na wasamaria wakati wa kumnyanyua. Mmoja apige magoti kichwani pake, ashike kichwa kwa viganja viwili kikiwa sambamba na mwili, na asiachie. Mwingine azungumze naye: jina lake, anasikia wapi maumivu, anaweza kutikisa vidole vya miguu, anahisi akiguswa nyayo. Ganzi miguuni, kujikojolea, maumivu makali ya shingo au mgongo, vyote hivyo vichukulieni kuwa ni uti wa mgongo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Damu inayotoka, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia. Akianza kutapika, mgeuzeni ubavu kama gogo moja, watu watatu au wanne kwa pamoja, na anayeshika kichwa ndiye anayehesabu. Mfunikeni asipate baridi. Asile wala asinywe kitu, huenda akapasuliwa.

Anasema yuko sawa na anataka kuendelea na kazi. Tumwache?

Hapana. Kuna majeraha matatu yanayojificha, na kila kiongozi wa kikundi anapaswa kuyajua.

La kwanza ni la aliyetua kwa miguu. Kila mtu humpongeza kwa kuanguka kama paka. Kumbe nguvu imepanda kutoka visigino hadi kiunoni, ndiyo maana mfupa wa kisigino ukivunjika, madaktari hupiga picha ya mgongo pia. Kama visigino vinauma, mgongo ukaguliwe hata kama hauumi.

La pili ni tumbo. Bandama ikipasuka inaweza kuvuja polepole, saa nyingi au hata siku. Mtu anapauka, jasho jembamba, mapigo yanakimbia, tumbo linakuwa gumu, na wakati mwingine bega la kushoto linauma bila sababu.

La tatu ni kichwa. Alizimia hata kidogo, anarudia swali lilelile, anatapika, anasinzia kupita kawaida, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine: hospitali mara moja. Asilale peke yake usiku ule.

Tumpeleke wapi, na kwa usafiri gani?

Arusha, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mount Meru, na hospitali ya Kilutheri, ALMC, ipo pia mjini. Moshi kuna Mawenzi, ya mkoa, na KCMC, ya rufaa ya kanda. Palipo karibu penye picha za mifupa pawe pa kwanza, kisha rufaa itolewe. Akiwa na dalili za uti wa mgongo, sema hivyo tangu getini: "Ameanguka mtini, miguu haina nguvu." Inabadilisha namna watakavyomshusha.

Gari la wagonjwa likipatikana, lisubirini. Likikosekana, tafuteni Noah, Hiace au pickup atakamolala amenyooka juu ya mlango uliong'olewa, ubao mpana au benchi, kafungwa kwa kanga kifuani, nyonga na mapajani, kichwa kimezuiwa pande zote mbili. Bodaboda na bajaji ndizo huharibu kabisa, maana mtu hukunjwa katikati. Akiwa juu ya mti na hashuki, pigeni 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kamba imemdaka, sasa ananing'inia. Tuna muda gani?

Mchache. Mtu aliyetulia kwenye mkanda damu humkusanyikia miguuni, huishiwa nguvu na kuzimia, na anaweza kufa akiwa hana jeraha. Mwambieni atikise miguu, au mpatieni kitanzi cha kamba akanyage ajisukume juu. Ashushwe haraka iwezekanavyo, alazwe, apelekwe hospitali. Kwa hiyo kabla mtu hajapanda lazima kuwe na jibu la swali moja: nani atamshusha, na kwa kamba ipi?

Hospitali wameuliza PF3. Tuanzie polisi?

Mgonjwa aende hospitali, mmoja wenu aende polisi wakati huohuo. Majeruhi asikalishwe kituoni akisubiri fomu. Hata pasipohitajika, maelezo ya polisi huja kusaidia kwenye madai, tazama sehemu inayofuata.

## Haki na fidia

Kibarua asiye na mkataba wa maandishi ana fidia?

Kama ameajiriwa na kampuni ya bustani, hoteli, shule au shamba kwa shughuli zake, asikate tamaa kwa kukosa karatasi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inataja vigezo vya kumtambua mwajiriwa, na inatosha kimojawapo kuwepo ili achukuliwe hivyo mpaka ithibitishwe vinginevyo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa, anamtegemea huyo mtu kwa kipato, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita.

Shughuli iko kwenye ushahidi. Tunza ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, miamala ya malipo, picha ukiwa na sare, daftari la getini ulilosaini, majina ya mliokuwa nao. Kijana anayelipwa taslimu kila jioni, ajitumie ujumbe mfupi kila siku kuandika alikuwa wapi na kwa nani. Haugharimu kitu.

WCF ni nini na inalipa nini?

Ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Michango analipa mwajiri peke yake, mshahara wako haukatwi. Mfuko unagharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya kipato chako, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukipimwa chini ya asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, kuanzia hapo na kuendelea ni pensheni ya kila mwezi. Kuna pia huduma za utengamao, yaani kusaidiwa kujimudu tena, posho ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki.

Muda wa kuripoti ni upi?

Mwambie mwajiri mara moja, siku ileile ikiwezekana, na kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Mwajiri anatakiwa kuitaarifu WCF ndani ya siku 7 tangu apate taarifa. Madai yenyewe yafikishwe ndani ya miezi 12. Nenda ofisi yao mwenyewe ukiona mwajiri anazungusha. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wana ofisi ya kanda ya kaskazini Arusha, hao ndio wa kuwaambia kwamba mahali fulani watu wanapandishwa miti bila mkanda.

Bosi anasema nilikosea mwenyewe, sikuvaa mkanda.

Uzembe wa kawaida haukunyimi fidia. Mfuko haukuwekwa kwa ajili ya wasiokosea. Kinachoweza kukuzuia ni utovu mkubwa wa makusudi, na hata huo sheria imeuwekea ubaguzi ajali inapoleta ulemavu mkubwa au kifo. Tena muulize mkanda wenyewe uko wapi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtwika mwajiri kutoa vifaa vya kinga. Akisema "hatujajisajili WCF", kujisajili ni wajibu wake, na kutotimiza wajibu wake hakukuzuii kupeleka taarifa.

Nimepewa elfu hamsini nisaini kwamba tumemalizana.

Pokea msaada wa matibabu, usisaini kitu. Siku za mwanzo hakuna anayejua kama mguu utarudi. Kama ulikwisha kusaini, nenda WCF na hiyo karatasi na uwaeleze. Ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya kuachishwa ndani ya siku 30, na ofisi zake zipo Arusha na Moshi.

Mimi ni fundi najitegemea. Nikianguka nyumbani kwa mtu?

Hapa pana pengo, na sitalifunika. WCF imejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa, na aliyeita fundi kwa siku moja akate mti wa nyumbani kwake kwa kawaida hahesabiwi mwajiri wa aina hiyo. Unaweza kujiunga NSSF kama mtu aliyejiajiri na kuwa na bima ya afya, lakini hivyo havijazi nafasi ya fidia ya ajali. Kwa hiyo mkubaliane na mwenye nyumba kabla, mbele ya shahidi au kwa ujumbe: ukiumia, matibabu ya mwanzo ni ya nani. Mwenye nyumba anayetaka utulivu aite kampuni iliyosajiliwa na aombe kuona uthibitisho wa usajili wao WCF.

Kama una vijana wanaokufuata kazini na unawalipa, wewe sasa ni mwajiri. Maswali yote ya juu yanakuhusu kutoka upande wa pili.

## Baada ya hospitali

Lini naweza kupanda tena?

Daktari akisema mfupa umeunga, uliza swali la pili: unaweza kubeba uzito na kujikunja? Kifundo kigumu au kiganja kisichofumba vizuri kinatosha kufanya kazi ya chini na hakitoshi kukushikilia juu. Ukipata kizunguzungu ukitazama juu, subiri. Woga ukibaki, usikubali kuchekwa nao. Kikundi kinahitaji mtu wa chini mwenye macho, na nani anajua zaidi kuliko aliyeanguka?

Amepooza miguu, amerudishwa nyumbani. Familia ifanye nini?

Mgeuzeni kila saa mbili, usiku na mchana, na kila asubuhi kagueni ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Doa jekundu lisilofifia likibonyezwa ni kidonda kinachoanza, asilalie upande huo. Vidonda hivi hutoboa hadi mfupani bila yeye kusikia chochote, na huua. Mpira wa mkojo uoshwe na kubadilishwa kama hospitali walivyoelekeza. Mkojo wenye harufu kali, homa au kutetemeka ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo. Nyosheni miguu na vifundo vyake kila siku visikakamae.

Kiti cha magurudumu kipimwe kwa mwili wake. Ulizeni TATCOT, chuo kilichopo KCMC kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti vya magurudumu. Na kama aliumia kazini, yule ndugu aliyeacha shughuli zake ili amhudumie atajwe kwenye madai ya WCF, kwa sababu posho ya mhudumu haiji yenyewe, inaombwa.